Kijana anayebana pumzi asizamie peke yake

Wiki hii nina swali kutoka kwa mama mmoja wa Gombani, Chake Chake. Mwanawe ana miaka 17. Kila usiku baada ya sala ya Isha kijana hulala chali kwenye mkeka, simu pembeni, akijipima anaweza kubana pumzi kwa muda gani. Alianza na nusu dakika, sasa ameshapita dakika mbili. Siku za mapumziko hufuatana na wenzake hadi Wesha, wakapanda mtumbwi kwenda kuzamia pweza na kamba koche. Mama akimkanya, hujibiwa kwamba hayo ni mazoezi tu, kama ya vijana wanaozunguka Uwanja wa Gombani alfajiri. Anauliza amkataze, au amwache?

Mzazi mwenzangu, usimkataze kwa ukali, wala usimwache hivi hivi. Ukimkataza bila maelezo ataendelea kwa kificho, na kijana anayelifanya jambo hili kwa kificho hulifanya peke yake. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Kuzama kwa pumzi si jambo geni kwetu. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakishuka miambani kwa pumzi zao tangu zamani, na leo duniani kuna watu wanaolifanya kama mchezo, wenye makocha na mashindano. Lakini mvuvi na mwanamichezo wote wanatawaliwa na jambo moja. Mtu akizirai kwenye mkeka, mwili huanza kupumua wenyewe, na kinachoingia kifuani ni hewa. Akizirai majini, mwili nao utataka kupumua, na kitakachoingia ni maji ya chumvi. Ushauri wangu wote wa leo umesimama juu ya tofauti hiyo.

Kengele inayolia, na ile isiyolia

Wengi huamini kwamba ukibana pumzi, kinachokulazimisha kupumua ni kuishiwa oksijeni. Sivyo. Kinachokusukuma kwanza ni hewa ukaa, ile hewa chafu tunayoitoa kila tunaposhusha pumzi. Ikirundikana kwenye damu, ubongo hupiga kengele: kifua hubana, koo hutaka kumeza, na kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo huanza kurukaruka. Kwa kawaida kengele hii hulia wakati oksijeni ingali ya kutosha. Ndiyo maana mtu asiye na mazoezi hushindwa mapema, akatoka majini salama.

Oksijeni ikipungua sana, haina kengele ya kuaminika. Haiumi wala haibani. Ubongo huzimika kama taa umeme unapokatika. Wapo waliookolewa ambao hukumbuka tu kwamba walikuwa wanajisikia vizuri, kisha wakajikuta wamelazwa mtumbwini.

Sasa utazame mtego huu. Mazoezi ya kubana pumzi hayamfundishi mtu kuishi bila oksijeni. Kwa sehemu kubwa yanamzoesha kuivumilia ile kengele. Kijana aliyefika dakika mbili na nusu amejifunza kuisikia na kutoiitikia. Kwa hiyo kadiri anavyozidi kuwa hodari, ndivyo anavyozidi kuusogelea ukingo bila kujijua. Wanaozirai si lazima wawe wale wasiojua kuogelea. Mara nyingi ni wale wanaojua sana.

Waswahili tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Huyu hatapitapi. Hapigi kelele, hainui mkono, haombi msaada. Aliye mtumbwini anayesubiri kuona maji yakitifuka hataona kitu.

Kuhema haraka hakujazi hewa

Ukiwaangalia vijana kabla hawajazama, utawaona wengine wakivuta na kushusha pumzi nzito nzito, mara kumi, mara ishirini. Wanasema wanajaza hewa. Hii ndiyo tabia ya kwanza ninayoomba umwachishe mwanao.

Kwa mtu mwenye afya anayepumua kawaida, damu inayotoka mapafuni tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kuibeba, asilimia 97 hivi. Kuhema hakuongezi kitu cha maana. Kinachofanyika ni kuifukuza hewa ukaa, yaani kuinyamazisha kengele kabla safari haijaanza. Oksijeni inakwisha kwa kasi ileile, lakini mwenyewe hasikii hamu ya kupumua. Mwaka 1961 daktari wa Marekani, Albert Craig, aliandika juu ya waogeleaji waliohema namna hiyo kisha wakapoteza fahamu wakiwa chini ya maji. Zaidi ya miaka 60 imepita, na vijana bado wanafundishana tabia ileile.

Kijana akikwambia kwamba kabla ya kuzama husikia vidole vinamchonyota, midomo inaingia ganzi au kichwa kinakuwa chepesi, ujue ameshahema kupita kiasi. Asizame. Akae apumue kawaida mpaka hali hiyo iishe.

Hatari kubwa iko karibu na juu

Wazazi wengi huogopa kina. Kina kina hatari zake, lakini wengi wanaozirai kwa kubana pumzi huzirai wakiwa wanarudi, katika mita za mwisho, au wakiwa wameshatoa kichwa nje ya maji. Sababu yake inaeleweka.

Mtu akishuka mita 10, mgandamizo unaomzunguka huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mapafu hubanwa yakabaki nusu ya ukubwa wake. Kubanwa huko huisukuma oksijeni iingie kwenye damu, na akiwa kule chini hujiona ana pumzi tele. Anapopanda, mgandamizo unaondoka, mapafu yanatanuka tena, na ule msukumo wa oksijeni unaporomoka ghafla. Kama ameitumia nyingi kwa kumkimbiza pweza, inayobaki haitoshi kuuweka ubongo macho. Taa inazimika zikiwa zimebaki mita tatu afike juu.

Tena hata akifika na kuvuta pumzi ya kwanza, oksijeni hiyo huchukua sekunde kadhaa kufika ubongoni. Katika sekunde hizo anaweza kuzirai huku mwenzake ameshageuka kutengeneza nyavu, akidhani ndugu yake ametoka salama.

Uhodari hauondoi hatari hii. Natalia Molchanova wa Urusi aliweka rekodi ya dunia ya wanawake mwaka 2013 kwa kubana pumzi dakika 9 na sekunde 2. Tarehe 2 Agosti 2015 alizama karibu na kisiwa cha Formentera, Uhispania, kwa kina ambacho kwake kilikuwa cha kawaida, na hakuonekana tena. Sisemi alizirai, maana hakuna aliyeshuhudia. Nasema bahari haiulizi rekodi ya mtu.

Mazoezi yafanyike nchi kavu

Je, kuna mazoezi salama? Yapo, kwa mtu mzima au kijana mkubwa mwenye afya, na mahali pake ni nchi kavu. Yule wa kwenye mkeka hajakosea mahali. Anachohitaji ni utaratibu.

Alale chali, mahali penye hewa, mbali na ngazi, jiko au kitu kigumu cha kujigonga. Asifanye akiwa amesimama, anatembea, anaendesha baiskeli au pikipiki, wala akiwa ndani ya pipa au beseni la maji. Mtu mwingine wa nyumbani awepo na ajue kinachofanyika.

Apumue kawaida kwa dakika mbili, bila kuhema. Kisha abane pumzi kwa nusu tu ya muda anaoweza bila kujitesa. Anayeweza dakika mbili abane dakika moja. Apumzike dakika mbili, abane tena dakika moja, na kila mara apunguze mapumziko kwa sekunde 15: dakika moja na sekunde 45, moja na nusu, moja na robo, mwisho dakika moja. Mizunguko sita inatosha kwa siku, na siku tatu kwa wiki zinatosha kabisa. Akiona nyota, akisikia kizunguzungu au mikono ikitetemeka, aache siku hiyo. Mazoezi haya si mashindano, na kujipima kila usiku ili kuvunja rekodi ya jana hakujengi chochote zaidi ya kiburi.

Kitakachomsaidia zaidi majini ni mambo ambayo vijana huyaona madogo: kuogelea vizuri, miguu yenye nguvu, moyo wenye mazoezi, na utulivu. Anayeshuka taratibu hutumia oksijeni kidogo kuliko anayepiga miguu kwa pupa. Kwa hiyo zile mbio za Uwanja wa Gombani zina faida kwake kuliko anavyodhani.

Vijana wengine watakutajia wazamiaji wa Kibajau wa Indonesia, ambao video zao zinaonekana sana kwenye simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa bandama za Wabajau ni kubwa kuliko za majirani zao kwa takriban nusu, na bandama ni ghala la chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Lakini ukubwa huo ulionekana hata kwa Wabajau wasiozamia. Ni urithi wa vizazi vingi, haupatikani kwa mwezi mmoja wa kulala kwenye mkeka.

Majini: mmoja chini, mmoja juu

Sasa twende baharini. Haya ndiyo masharti ninayotaka kijana wako ayajue kwa moyo.

Kwanza, asizame peke yake hata siku moja, hata kwenye maji ya kifuani. Kuwa na wenzake mtumbwini hakutoshi kama wote wanazama kwa pamoja. Mmoja akiwa chini, mwingine awe juu ya maji, amevaa miwani ya kuzamia, uso majini, macho kwake. Wapokezane.

Pili, kina chao kiwe kile ambacho aliye dhaifu kati yao anaweza kufika na kumtoa mwenzake. Kama mmoja anafika mita 12 na mwingine mita 5, basi wote wawili wanazamia mita 5. Mlinzi asiyeweza kukufikia ni mtazamaji tu.

Tatu, akitoka juu ashike mtumbwi au boya, avute hewa haraka, aishikilie kidogo, aiachie bila kuisukuma, kisha arudie mara tatu au zaidi. Asipige soga, asivue miwani kwanza kuonyesha pweza. Mlinzi aendelee kumtazama kwa nusu dakika nzima.

Nne, mapumziko juu ya maji yawe angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Aliyekaa dakika moja apumzike dakika mbili au zaidi. Hili ndilo wavuvi hulisahau samaki wanapokuwa wengi, maana kila mtu anaona akichelewa pweza atajificha. Pweza yupo hata bamvua lijalo.

Tano, kama anafunga risasi au jiwe kiunoni kumsaidia kushuka, kifungo kiweze kufunguliwa kwa mkono mmoja. Uzito uwe mdogo kiasi kwamba akishusha pumzi yote juu ya maji bado anaelea. Mwenye uzito mwingi akizirai karibu na juu hurudi chini, na mwenzake hampati.

Sita, kiwambo kikianza kurukaruka akiwa chini, hiyo ni amri ya kupanda. Aliyezoea kukivumilia kwenye mkeka asikivumilie majini.

Mwenzako akizirai

Kabla ya kuzirai wapo wanaoonyesha dalili: midomo kuwa ya buluu, macho kukodoa bila kuona, kichwa kutikisika, mapovu kumtoka akiwa bado chini. Usisubiri dalili zote. Ukiona moja, mshike.

Mtoe uso juu ya maji kwa kumshika kidevu na kisogo. Mvue miwani, mpapase shavu kwa nguvu kidogo, mpulizie usoni, mwite jina lake na umwambie apumue. Akiwahiwa, wengi huzinduka ndani ya sekunde chache. Hiyo ndiyo tofauti kati ya aliyekuwa na mwenzake na asiyekuwa naye.

Asipopumua ndani ya sekunde kumi hivi, mzibe pua na umpulizie hewa kinywani hapohapo majini kama unaweza, huku mkimpeleka mtumbwini au ufukweni. Mlazeni chali juu ya kitu kigumu. Kama hapumui, mpulizie mara tano, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, kifua kishuke kiasi cha sentimita 5, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpulizie mara mbili, bonyeza tena 30, na uendelee hivyo bila kuchoka hadi apumue au mkabidhi kwa wahudumu wa afya. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, kwa hiyo msipoteze muda kutafuta gari kwanza.

Msimning'inize kichwa chini. Msimkamue tumbo ili atoe maji. Hayo humtapisha, matapishi yakaingia mapafuni, na yanakula dakika ambazo angekuwa anapuliziwa hewa.

Aliyezirai majini apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anacheka, iwe Hospitali ya Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani, kwa walio kusini. Maji kidogo yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichokatika, povu mdomoni, kuhema, au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kurudi hospitali mara moja. Na siku hiyo asirudi majini.

Nani asifanye kabisa

Wenye kifafa wasizamie, hata kama dawa zinawasaidia na hawajaanguka kwa miezi. Degedege la nusu dakika nyumbani hupita, majini linaua. Wenye selimundu nao wasibane pumzi, kwa sababu oksijeni inapopungua ndipo chembe zao hujikunja na kuziba mishipa. Wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au historia ya kuzirai bila sababu wapimwe kwanza. Mwenye pumu amwone daktari kabla ya kufikiria kuzama. Wajawazito waache.

Mwenye mafua asubiri apone. Akishuka masikio yakiwa yameziba, ngoma ya sikio inaweza kupasuka, na maji yakiingia ndani ghafla huleta kizunguzungu kikali ambacho humfanya mtu asijue juu wala chini. Hata mzima, akisikia sikio linauma wakati wa kushuka, arudi juu. Asilazimishe. Vilevile asizame mwenye njaa, asiyelala, mwenye kiu ya kutwa, au aliyetumia kilevi chochote.

Kwa watoto wadogo sina utaratibu wa kutoa. Ule mchezo wa nani atakaa zaidi chini ya maji, iwe pwani, bwawani au kwenye pipa la nyumbani, usiwepo kabisa. Mtoto hufundishwa kuelea na kuogelea, hafundishwi kubana pumzi.

Mzungumze kabla hajatoka

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa chini ya miaka 29. Hao ni watoto na vijana wetu. Kisiwani hatuwezi kuwafungia wasiende baharini, kwa kuwa bahari ndiyo kitoweo, ndiyo ada ya shule, ndiyo mchezo wao. Tunachoweza ni kuhakikisha wanakwenda wakiwa wawili wawili na wakiwa wanajua.

Kata makala hii umpe aisome mwenyewe, halafu mwite na yule anayezamia naye. Waambie wakuonyeshe nje ya nyumba jinsi ya kumshika mtu aliyezirai na jinsi ya kubonyeza kifua kwa kutumia mto. Wakicheka, waache wacheke, mradi wamefanya. Na kila atakapotoka na miwani yake ya kuzamia begani, muulize maswali mawili tu: leo unazamia na nani, na huyo anaweza kufika kina unachofika wewe? Asipokuwa na jibu la swali la pili, siku hiyo avulie juu ya mtumbwi.